Kidonge cha Busia na hesabu ambayo serikali haipendi kufanya

Leo ni historia, na mada ni minyoo. Usikimbie kwanza.

Kama ulisoma shule ya msingi ya umma miaka hii ya karibuni, hasa Magharibi, Nyanza au Pwani, kuna siku mwalimu aliwapanga laini. Kila mtu akapewa kidonge akitafune, jina likawekwa kwenye fomu, mkarudi kucheza. Hukulipa kitu. Hukupanda matatu kwenda hospitali. Hakuna mtu aliitisha kitambulisho cha mzazi.

Hicho kidonge kina stori ndefu. Na ndani ya hiyo stori kuna jibu la swali tunalobishania huku mtandaoni kila siku: huduma ya umma hubadilika vipi? Kuna wale husema inahitaji tu viongozi wazuri. Kuna wale husema inahitaji pesa zaidi. Stori ya minyoo inasema kuna kitu cha tatu: mtu ahesabu, na wale wote wenye kipande cha kazi wakae meza moja. Hicho cha tatu ndicho tumezoea kukiruka.

Twende Busia, 1998.

Tarafa za Budalangi na Funyula ziko kando ya Ziwa Victoria, karibu na mpaka wa Uganda. Ukisikia Budalangi akili inaenda moja kwa moja kwa mafuriko ya mto Nzoia. Na huo mwaka mvua za El Niño zilikuwa zimenyesha hadi watu wakachoka. Udongo wenye maji, watoto wasio na viatu, vyoo vichache. Kwa minyoo, hapo ni nyumbani. Safura hupita kwenye ngozi ya mguu. Kichocho kinakupata ukiingia majini. Wengine unawala pamoja na mchanga ulio kwenye mikono.

Maofisa wa Wizara ya Afya walipima wanafunzi mapema mwaka huo. Kati ya kila 100, watoto 92 walikuwa na angalau aina moja ya hawa wadudu. Rudia hiyo namba polepole. Ukiingia darasani, wa kutafuta ni yule mzima.

Sasa mbona hakukuwa na kelele? Kwa sababu minyoo haiui haraka. Inakunywa damu kidogo kidogo. Mtoto anachoka, tumbo linauma, analala darasani, kesho haji. Mwalimu anasema ni mvivu. Mzazi anasema ni tabia. Ugonjwa wa aina hiyo haupigi picha nzuri, na kisichopiga picha hakipati bajeti.

Dawa yenyewe haikuwa siri. Albendazole ya minyoo ya tumbo na praziquantel ya kichocho zilijulikana kuwa zinafanya kazi, na ni bei ya chini sana. Swali lilikuwa lingine: kama una pesa kidogo na unataka mtoto wa Busia asome, unanunua nini kwanza? Vitabu? Sare? Dawa? Kila mtu alikuwa na maoni. Hakuna aliyekuwa na hesabu.

Hapa anaingia mtu anaitwa Michael Kremer. Ni Mmarekani, na miaka ya themanini alikuwa amefundisha shule ya sekondari huko Kakamega kwa mwaka mmoja. Miaka ya tisini akarudi akiwa mwanauchumi. Rafiki yake alikuwa anafanya kazi na shirika la Kiholanzi, ICS, lililokuwa linajiandaa kusaidia shule za Busia. Kremer akatoa wazo rahisi: kwa vile hamwezi kufikia shule zote kwa siku moja, anzeni na baadhi, zingine zifuate, halafu tulinganishe.

Walianza na vitabu. Mwaka 1996 shule 25 zikapewa vitabu vya kiada. Kila mtu alijua itafanya kazi, si ni vitabu? Matokeo yakaja: kwa wastani alama hazikusonga. Waliofaidika ni wale watoto ambao tayari walikuwa wanaongoza. Sababu moja iliyotajwa ni kwamba vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa watoto wengi wa huko Kiingereza ni lugha ya tatu. Nyumbani ni Kisamia au Kiteso, sokoni Kiswahili, halafu darasani unapewa kitabu ambacho huwezi kukisoma, unaambiwa umesaidiwa.

Kama hakuna aliyepima, vile vitabu vingeingia kwenye ripoti kama ushindi. Kungekuwa na hotuba, hema, viti vya plastiki na mgeni wa heshima akikata utepe. Mnajua hizo sherehe.

Ndiyo ikaja zamu ya minyoo. Shule 75, wanafunzi zaidi ya 30,000. Angalia nani alifanya nini, kwa sababu hapa ndipo somo lilipo. ICS walileta pesa na wafanyakazi. Wizara ya Afya ikaleta wataalamu wenye darubini na wauguzi wa kutoa dawa. Walimu wakuu na kamati za wazazi ndio walioita vikao na kukubali au kukataa. Kremer na Edward Miguel, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa uzamifu, wakaleta mpango wa kuhesabu. Mwaka 1999 wizara ikataka kila mzazi aweke sahihi yake mwenyewe kabla mtoto hajapewa dawa. Hiyo ilirudisha kazi nyuma kidogo, na ni sawa. Ukishirikiana na mtu lazima kuna mahali atakuambia ngoja.

Kuzigawa shule hakukuhitaji kompyuta kubwa. Walipanga majina kwa alfabeti ndani ya kila eneo, kisha wakahesabu kama watoto wanaochagua timu: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kundi la kwanza, shule 25, likapata dawa 1998. La pili likaanza 1999. La tatu 2001. Kwa hivyo hakuna mwanasiasa aliyechagua shule ya kwao ianze.

Halafu wakafanya kitu ninachokipenda. Hawakuamini rejista. Sote tunajua rejista za shule zinavyojazwa. Walituma watu kuingia shuleni bila kutangaza, siku yoyote, na kuhesabu vichwa darasani. Nani yuko, nani hayuko. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya uchumi, lakini hata mimi naweza kuhesabu vichwa.

Matokeo: utoro ulipungua kwa robo. Kwa gharama ya chini ya nusu dola kwa mtoto kwa mwaka. Hata watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walihudhuria zaidi, kwa sababu mayai ya minyoo yalipungua kwenye udongo ambao wote wanaukanyaga. Ukimtibu jirani unajitibu. Lakini alama za mtihani hazikupanda, na hilo pia liliandikwa wazi kwenye utafiti wao uliochapishwa 2004. Ukiona ripoti ya mradi ambayo kila kitu kimefaulu, shuku. Hii haikuwa hivyo.

Sasa kuna swali gumu na tusiliruke. Zile shule 25 za mwisho zilingoja miaka mitatu. Mtoto wa darasa la tano 1998 kwenye kundi la tatu pengine alimaliza shule kabla kidonge hakijafika. Ni haki? Waliopanga walisema hawangeweza kufikia wote kwa mara moja, kwa hivyo lazima mtu angengoja. Hiyo ni kweli. Lakini hapa kwetu kungoja ni kawaida, na kwa kawaida anayengoja ni yule asiye na mtu ofisini. Angalau safari hii kungoja kulipangwa kwa alfabeti, na kulileta jibu ambalo baadaye lilifikia mamilioni. Bado, anayeombwa kungoja ana haki ya kuambiwa kwa nini anangoja na ni hadi lini.

Kufika hapo ungedhani stori imeisha. Haijaisha. Sehemu muhimu zaidi ni ya 2001, na inahusu pesa.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1989 Kenya ilianzisha ada kwenye hospitali za serikali. Waliita ugawanaji gharama. Wazo lilikuwa kwamba mwananchi akichangia kidogo, huduma itajiendesha, na mtu akilipa atathamini. Ada ya kuonana na daktari ikasimamishwa 1990, ikarudishwa 1992. Wazee wetu wanaikumbuka vizuri. Ukiuliza mama yako jinsi watu walivyokuwa wanatibiwa miaka ya tisini, jitayarishe kukaa chini.

Basi kule Busia, badala ya kubishana kama ada ni nzuri au mbaya, waliipima. Kati ya shule 50 zilizokuwa zimeanza kupata dawa mapema, 25 ziliambiwa wazazi wachangie. Nyingi zilitozwa shilingi 30 kwa familia, na zile za kichocho shilingi 100 hivi. Siyo pesa nyingi kwa mtu wa Nairobi. Zile zingine 25 ziliendelea kupata bure.

Pale kwa bure, watoto kama 75 kwa kila 100 walimeza dawa. Pale kwa kulipa, chini ya 20. Shilingi 30 zilifunga mlango. Na usidhani waliolipa ni wale waliokuwa wagonjwa zaidi. Hapana. Ada haikuchuja wenye shida kutoka kwa wasio na shida. Ilichuja tu wenye pesa.

Walijaribu pia kufundisha. Naweni mikono, vaeni viatu, msiingie ziwani. Tabia hazikubadilika. Na mimi nasema, utamfundisha vipi mtoto kuvaa viatu asivyo navyo?

Hiyo hesabu haikuwa ya minyoo pekee. Miaka michache baadaye watafiti wengine, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, wakauliza swali hilo hilo kuhusu neti za mbu kwenye kliniki za akina mama wajawazito hapa Magharibi. Ada ndogo tu iliangusha idadi ya wanaochukua neti kwa kiasi kikubwa, na wale waliopewa bure hawakuzigeuza nyavu za kuvulia samaki, kama watu wanavyopenda kusema. Walizitumia. Huku nyuma, mwaka 2006, serikali ilikuwa imegawa neti milioni 3.4 bure kwa watoto wadogo. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya vya umma zikashuka hadi shilingi 10 na 20. Mwaka 2013 zikaondolewa. Sisemi utafiti mmoja ndio ulifanya haya yote, siasa ilikuwemo na bado imo. Lakini mtu anayetetea huduma ya bure leo hana haja ya kulia tu. Ana namba mkononi.

Sasa jiulize: kama majibu ya Busia yalikuwa tayari mapema hivyo, mbona programu ya kitaifa ilifika 2009?

Hapa ndipo watu wanaopenda data peke yake hukosea. Ushahidi haujibebi. Unaweza kukaa kwenye kabati miaka mingi ukiwa sahihi kabisa. Kwenye minyoo shida ilikuwa hivi: Wizara ya Afya ina dawa lakini haina watoto. Wizara ya Elimu ina watoto lakini haina dawa. Kila moja inaweza kukwambia kwa heshima kwamba hiyo ni kazi ya ile nyingine. Umewahi kutumwa kutoka dirisha la 4 hadi la 9 halafu ukarudishwa la 4? Sasa fikiria hiyo ikifanyiwa watoto wa nchi nzima.

Mwaka 2009 wizara hizo mbili zilikubali kufanya pamoja, na watoto milioni 3.6 wakapewa dawa. Mwaka 2012 programu ikaundwa upya ili iwe ya kila mwaka, na miaka iliyofuata ikawa inafikia zaidi ya watoto milioni 5 kwa mwaka katika maeneo yenye minyoo mingi. Jinsi inavyoendeshwa ni rahisi kueleza kuliko kufanya. Maofisa wa afya na wa elimu wanafunzwa pamoja kwenye kaunti, wanashuka kwenye kaunti ndogo, wanafunza walimu. Dawa zinashuka kwa njia hiyo hiyo, nyingi zikiwa za msaada kutoka kwa watengenezaji kupitia Shirika la Afya Duniani. Siku ikifika, mwalimu ndiye anatoa kidonge, hata kwa watoto wa mtaa wasio shuleni. Fomu zinapanda kurudi juu kwa njia ile ile. Shirika la Evidence Action lilisaidia upande wa mipango.

Na kuna kipande ambacho ningependa mkishike. Anayepima kama minyoo inapungua ni KEMRI, na inapima kivyake, kwa kwenda kwenye sampuli ya shule na kuchunguza choo cha watoto. Yaani anayegawa dawa sio anayejisahihishia mtihani. Mwaka 2012 karibu theluthi ya watoto waliopimwa walikuwa na minyoo ya udongo. Kufikia 2018 walikuwa chini ya mmoja kati ya sita. Haijaisha, lakini imeshuka, na tunajua imeshuka kwa sababu kuna mtu alipima kabla na akapima baadaye.

Je, wote walikubaliana? Wapi. Mwaka 2015 watafiti wa London walichukua data ya Busia wakairudia upya. Wakapata makosa kwenye mahesabu, hasa kwenye sehemu ya faida kwa shule za jirani. Ikawa vita ya maprofesa, na hadi leo wapo wanaosema faida za kutibu kila mtoto zimetiwa chumvi. Wenye utafiti wao wakaendelea kuwafuata wale watoto hadi utu uzima. Mwaka 2021 wakaripoti kwamba waliopata miaka miwili au mitatu zaidi ya dawa walikuwa wanapata mapato ya saa yaliyo juu kwa asilimia 13 hivi kuliko wenzao. Mimi siwezi kuwaamulia maprofesa. Ninachojua ni kwamba ubishi wao uliwezekana kwa sababu data iliachwa wazi ikaguliwe. Nionyeshe mradi wa kaunti yenu ambao unaweza kukaguliwa hivyo.

Mwaka 2019 Kremer alishinda Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa aina hii ya majaribio. Nampa heko. Lakini hakuna tuzo iliyoenda kwa mwalimu wa Funyula aliyejaza fomu jua kali, wala mzazi aliyesimama kwenye kikao akauliza hii dawa itamdhuru mtoto wangu au la. Ushirikiano ulikuwepo, ila meza haikuwa sawa. Swali lilitungwa na wageni, jibu likachapishwa ng'ambo, na sisi tukawa mahali pa kuhesabiwa. Hilo ndilo kizazi chetu kinaweza kubadilisha.

Na msiniambie vijana hawapendi namba. Mwaka 2024 tulisoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, watu wakautafsiri kwa lugha za kwao, wakauchora, wakauchambua kwa video za dakika moja. Hiyo ilikuwa kusema hapana kwa ushahidi. Kusema hapana tumejua. Kazi iliyobaki ni ngumu zaidi na haina kelele: kusema fanyeni hivi, na huu hapa ushahidi.

Kwa hivyo gavana wako au mbunge wako akizindua kitu, iwe kisima, zahanati, basari au chakula cha shule, uliza maswali matatu tu. Moja, mlipima nini kabla ya kuanza? Mbili, nani hajapata, na anangoja hadi lini? Tatu, nani atahesabu baadaye, na je, ni mtu tofauti na yule anayegawa? Wakijibu zote tatu, wasaidieni, hata kama hamkuwapigia kura. Wakikosa kujibu, mjue mmealikwa kwa hema na viti.

Na siyo lazima uulize kwenye maoni ya chini ya posti, unablokiwa unaenda. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema unaweza kuandika ombi lako kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili, wasee. Ofisi ina siku 21 kukujibu. Ikikunyamazia, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki.

Chagueni huduma moja ya mtaa wenu. Moja tu. Tafuteni muuguzi, mwalimu, mzazi na chifu, maana kila mmoja ana kipande. Hesabuni kile kinachofika na kile kisichofika, kwa mwezi mzima, bila kutangaza. Halafu andikeni barua mkiwa na hiyo namba, wote mkiweka sahihi.

Mkianza, niandikieni kwenye maoni ni huduma gani na mtaa gani. Mimi ninachukua maji ya kwetu.